Virutubisho vya ziada kwa wachezaji chipukizi wa soka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa kila wiki pembeni ya uwanja, na wachezaji wa miaka 12 hadi 18, wazazi wao na makocha wao. Mengi huanza na "nimeze nini?" Nami huanza na swali langu: umepungukiwa na nini? Mchezaji aliyelala kwa saa 5 tu na kuja mazoezini na njaa ana upungufu, tena mkubwa, ila hauzibwi na kopo la virutubisho.

Virutubisho vya ziada ni vitu gani hasa?

Ni chochote kinachomezwa juu ya mlo wa kawaida ili kumpa mtu kirutubisho fulani au kumwongezea uwezo. Tatizo ni kwamba jina hilo moja limebeba vitu visivyohusiana kabisa.

Kuna vya kuziba pengo, kama madini ya chuma na vitamini D. Hivi hufanya kazi pale tu ambapo pengo lipo. Kuna vyakula vilivyobadilishwa umbo: unga wa protini, jeli za wanga, vinywaji vya michezo. Hivyo ni chakula, na uzuri wake ni kwamba vinabebeka kwenye begi. Kuna vinavyolenga uwezo wenyewe, kama kafeini na kreatini. Halafu kuna rundo la bidhaa zinazoahidi "kuunguza mafuta", "kupandisha homoni" au "kulipua misuli". Hizo za mwisho ndizo zinazoninyima usingizi.

Je, kweli vinaongeza uwezo wa mchezaji?

Vichache sana. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilitoa tamko la wataalamu waliopitia ushahidi uliopo. Orodha ya vitu vyenye ushahidi mzuri kwamba vinaongeza uwezo moja kwa moja ilikuwa fupi: kafeini, kreatini, naitrati (ile iliyojaa kwenye juisi ya bitiruti), beta-alanini na sodiamu bikabonati, yaani soda ya kuokea. Vitano tu, katika soko lenye maelfu ya bidhaa. Na sehemu kubwa ya ushahidi wenyewe imetoka kwa watu wazima ambao miili yao imekwisha kukomaa, wanaotafuta nyongeza ndogo baada ya mambo mengine yote kukaa sawa.

Linganisha na chakula cha kawaida. Mwaka 1973 mtafiti Bengt Saltin wa Sweden aliwalinganisha wachezaji wa soka walioanza mechi misuli yao ikiwa imejaa glaikojeni, yaani akiba ya wanga, na wengine walioanza akiba ikiwa imepungua. Walioanza na akiba ndogo walimaliza mechi wakiwa wamefika umbali mfupi zaidi, na sehemu kubwa ya umbali huo waliutembea. Hakuna kidonge ninachokijua kinachoweza kumpa kijana tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya kuingia uwanjani ameshiba wanga na kuingia akiwa mtupu.

Mwenzangu alianza kutumia unga wa protini miezi 4 iliyopita, sasa ana misuli na kasi. Huo si ushahidi?

Naelewa kwa nini unaonekana ushahidi. Umemwona kwa macho yako. Lakini jiulize ana umri gani. Wavulana wengi hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, na wapo wanaotangulia au kuchelewa hata kwa miaka 2. Baada ya kilele hicho, mvulana huanza kujaza misuli kwa kasi, anywe unga asinywe. Miezi 4 katika umri huo inatosha kumbadilisha mtu hadi jezi ya msimu uliopita imbane mabegani.

Kwa hiyo kopo hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na umri. Na yule aliyechelewa kukua, akiona wenzake wanampita, hulaumu mlo wake, hulaumu wazazi, hutafuta kopo kama lile. Nimewaona vijana wenye kipaji kikubwa wakikata tamaa wakiwa na miaka 14 kwa sababu hiyo tu. Makocha, hili ni lenu pia: kabla ya kumwambia kijana "ongeza mwili", angalia kama mwili wake umeshaanza kazi hiyo.

Mwanangu ni mwembamba na anasukumwa ovyo uwanjani. Nimnunulie unga wa protini?

Tupige hesabu kwanza. Wataalamu waliokusanywa na UEFA, ambao tamko lao kuhusu lishe ya soka la kiwango cha juu lilitoka mwaka 2020, walitaja gramu 1.6 hadi 2.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Hicho ni kipimo cha wachezaji wa kulipwa. Hata tukimpa kijana wa kilo 55 kiwango hicho cha chini, 55 mara 1.6 ni gramu 88.

Sasa fungua jiko. Mayai 2 asubuhi, gramu 12. Glasi ya maziwa ya mililita 250, gramu 8. Mchana kikombe cha maharage yaliyoiva, kama gramu 15, na sahani ya wali inaongeza gramu 8 hivi ambazo watu husahau kuzihesabu. Baada ya mazoezi, glasi nyingine ya maziwa na vipande 2 vya mkate, kama gramu 14. Usiku kipande cha kuku au samaki cha gramu 100, gramu 25 au zaidi. Umefika 82. Glasi ya maziwa kabla ya kulala inakufikisha 90. Hujagusa kopo.

Wazazi wengi wakipiga hesabu hii na mimi hugundua kwamba protini haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba kijana haanzi siku kwa kula, anafika mazoezini na mlo mmoja tumboni, na anarudi usiku amechoka hata kutafuna. Mwili usiopata wanga wa kutosha huichoma protini kama kuni. Ukimpa unga mtu kama huyo, unamnunulia kuni za bei ghali. Mwongezee milo: kitu kabla ya shule, kitu ndani ya saa moja baada ya mazoezi, na sahani kubwa zaidi siku za mazoezi mazito.

Unga wa protini wenyewe si sumu wala si dawa ya kusisimua misuli. Pale ambapo chakula hakipatikani kwa wakati, kwa mfano safarini, unaweza kusaidia. Wasiwasi wangu ni mwingine: kilichochanganywa humo bila kuandikwa. Nitalirudia hilo hapa chini.

Nile nini kabla ya mechi, na saa ngapi?

Mlo mkubwa saa 3 hadi 4 kabla ya mpira kuanza. Kipimo cha UEFA ni gramu 1 hadi 3 za wanga kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mchezaji wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 150. Kikombe cha wali ulioiva kina kama gramu 45, ndizi mbivu moja ya wastani 25, kipande cha mkate 15. Punguza mafuta na vyakula vyenye nyuzi nyingi kwenye mlo huo, kwa sababu vinakaa tumboni muda mrefu.

Kama mechi ni asubuhi mapema na saa 3 hazipo, kula kidogo na chepesi saa moja au mbili kabla, na hakikisha chakula cha usiku uliopita kilikuwa na wanga wa kutosha. Usijaribu chakula kipya siku ya mechi. Kijaribu siku ya mazoezi, tumbo likikataa huna cha kupoteza.

Maji yanatosha, au ninunue kinywaji cha michezo?

Mazoezi ya chini ya saa moja, maji yanatosha. Mechi kamili, mashindano yenye mechi 2 kwa siku, au jua kali: hapo sukari na chumvi kidogo husaidia. Unaweza kujitengenezea. Lita 1 ya maji safi, vijiko vikubwa 5 vya sukari vilivyosawazishwa (kama gramu 60), robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu ukipenda ladha. Hapo una asilimia 6 ya wanga, kiwango kile kile cha vinywaji vingi vya chupa. Kinywewe uwanjani, si darasani wala mbele ya televisheni. Meno hayajui kwamba wewe ni mwanamichezo.

Ukitaka kujua unapoteza maji kiasi gani, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ukiwa na nguo chache, na ujifute jasho kwanza. Kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji. Mtu wa kilo 50 akipoteza zaidi ya kilo 1 amevuka asilimia 2 ya uzito wake, na kuanzia hapo miguu huanza kuwa mizito na maamuzi kuchelewa.

Na vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya kopo?

Hapana.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilisema tangu mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi kwenye mlo wa watoto na vijana. Watu huvichanganya na vinywaji vya michezo kwa sababu vinauzwa kwenye rafu moja, lakini kazi ya vile vya michezo ni kurudisha maji na chumvi, na kazi ya hivi ni kukuamsha kwa kafeini.

Angalia namba. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) mwaka 2015 ilitaja miligramu 3 za kafeini kwa kilo kwa siku kama kiasi kisicholeta wasiwasi kwa watoto na vijana. Kwa mwenye kilo 50 hiyo ni 150. Kopo la mililita 250 huwa na kama 80, na yako makopo ya nusu lita yenye 160. Kijana amekunywa kopo moja la nusu lita na tayari amepita kiwango cha siku nzima, kabla hujahesabu chai, soda na chokoleti. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, tumbo kuvurugika, na hofu anayoiita "presha ya mechi" kumbe ni kafeini.

Lakini wachezaji wakubwa hutumia kafeini, na haijakatazwa.

Kweli. Iliondolewa kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku mwaka 2004, ingawa Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) bado linafuatilia matumizi yake. Na kwa mtu mzima inafanya kazi: dozi zinazotajwa kwenye tafiti huwa kati ya miligramu 3 na 6 kwa kilo. Ona hapo: dozi ya chini ya mkubwa ndiyo kikomo cha siku nzima cha kijana.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Kafeini iliyomo mwilini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Ukiimeza saa 10 jioni kabla ya mechi, saa 3 usiku nusu yake bado inazunguka kwenye damu, nawe unageuka geuka kitandani. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na usingizini ndipo mwili unapojijenga baada ya kazi ya mchana. Umeazima dakika 90 za nguvu, umelipa kwa usiku mzima wa kukua.

Kreatini je?

Hili ndilo swali linalohitaji jibu la subira, kwa sababu kreatini si utapeli. Mwili huitengeneza wenyewe, na tunaipata kwenye nyama na samaki. Kazi yake ni kurejesha haraka nishati ya misuli katika vitendo vifupi vya nguvu: kuchomoka, kuruka, kugeuka ghafla. Kwa watu wazima imechunguzwa kuliko karibu bidhaa nyingine yoyote ya michezo, na gramu 3 hadi 5 kwa siku huchukuliwa kuwa salama kwa mwenye afya njema. Huongeza uzito wa kilo 1 au 2 mwanzoni kwa sababu misuli inabeba maji zaidi, jambo ambalo winga anapaswa kulifikiria mara mbili.

Kwa vijana, wataalamu wenyewe hawasemi kwa sauti moja. Madaktari wa watoto wa Marekani hawaipendekezi kwa walio chini ya miaka 18. Jumuiya ya Kimataifa ya Lishe ya Michezo (ISSN), katika tamko lake la 2017, iliona inaweza kukubalika kwa kijana anayefanya mazoezi mazito ya mashindano, anayekula vizuri, anayejua dozi na anayesimamiwa. Soma masharti hayo tena, polepole. Kijana wa miaka 14 anayeruka kifungua kinywa na kuchota kijiko kwenye kopo la rafiki hajatimiza hata moja.

Msimamo wangu: chini ya miaka 18, usianze. Ukiwa umefika 18, uko kwenye akademia yenye daktari, mlo wako umenyooka na mazoezi ya nguvu unayafanya kwa mpangilio, ongea na daktari huyo. Mwenye tatizo la figo asiiguse kabisa bila ruhusa ya daktari.

Binti yangu ana miaka 15, anakata pumzi mapema siku hizi. Kocha anasema mvivu.

Mzazi, mpeleke akapimwe damu kabla mtu yeyote hajamwita mvivu tena.

Nakumbuka winga mmoja wa miaka 16, mwenye mguu wa kushoto wa ajabu. Msimu ulipoanza alikuwa akimaliza mazoezi ya kukimbia wa kwanza au wa pili. Miezi 3 baadaye alikuwa akisimama katikati ya zoezi, mikono magotini, midomo imepauka. Aliwekwa benchi. Alianza kukimbia peke yake alfajiri ili "arudishe pumzi", na hali ikawa mbaya zaidi. Mama yake ndiye aliyetaja, kama kwa bahati, kwamba siku hizi hedhi yake inatoka nyingi na kwamba amemkuta akitafuna barafu kila mara. Kipimo kilipotoka, akiba yake ya chuma ilikuwa karibu imekwisha.

Chuma ndicho kinachobeba oksijeni kwenye damu. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana wa umri huo 11, na tofauti hiyo inatokana zaidi na damu ya hedhi. Dalili ni uchovu usioisha kwa kupumzika, kukosa pumzi, weupe wa ndani ya kope, kichwa kuuma, na wakati mwingine hamu ya kula barafu au udongo. Omba wapime himoglobini, na pia ferritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma. Himoglobini peke yake inaweza kuonekana nzuri wakati akiba imeshakauka. Asipimwe akiwa na homa, kwa sababu ferritini hupanda wakati wa maambukizi na kuficha upungufu.

Ikithibitika amepungukiwa, vidonge vya chuma anavyoandikiwa ni tiba, na ni mfano mzuri kuliko yote wa kirutubisho cha ziada kinachorudisha kiwango cha mchezaji. Binti yule alihitaji miezi kadhaa, si siku. Nyumbani, nyama nyekundu, maini, maharage, dengu na mboga za majani za kijani husaidia. Kula pamoja na tunda lenye vitamini C, na sogeza chai na kahawa mbali na mlo kwa sababu huzuia chuma kufyonzwa.

Lakini msimpe chuma kwa kubahatisha. Mwili hauna njia nyepesi ya kukitoa kikizidi, na kwa mtoto mdogo vidonge vichache vya kaka au dada vinaweza kuua. Vifungieni kabatini.

Vitamini D, kalisi, na vidonge vya vitamini mchanganyiko?

Kalisi: miligramu 1,300 kwa siku kati ya miaka 9 na 18, na maziwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vinakufikisha mbali. Vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipata jua, kwa hiyo anayefanya mazoezi ndani, anayefunika mwili wote au anayeishi kwenye majira marefu ya baridi anaweza kupungukiwa. Apimwe, kisha atibiwe.

Vidonge vya mchanganyiko kwa anayekula vizuri havimwongezei kasi. Na vitamini C na E kwa dozi kubwa kila siku zinaweza hata kupunguza baadhi ya mabadiliko mazuri ambayo mazoezi huyaleta kwenye misuli.

Timu yetu hutundikiwa dripu za vitamini kabla ya mashindano. Zina faida?

Kwa mchezaji mzima wa afya, hakuna faida ambayo mdomo hauwezi kuleta. Hatari zipo: maambukizi, mshipa kuvimba, dozi isiyojulikana. Na ni kosa chini ya sheria za WADA: dripu au sindano ya mshipa ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imepigwa marufuku wakati wote, hata kama ndani yake ni maji na chumvi tu, isipokuwa imetolewa kihalali katika matibabu ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Mkatalie anayekuja na dripu kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Kuna kidonge cha kuzuia misuli kubana?

Magnesiamu inauzwa sana kwa kazi hiyo, lakini ushahidi wake kwa wanamichezo ni dhaifu. Misuli ikikubana dakika ya 75, mara nyingi imechoka kuliko ilivyozoezwa, na joto na upungufu wa maji na chumvi huchangia. Inyooshe polepole, kunywa, na jenga stamina.

Nasoma lebo kabla ya kununua. Si inatosha?

Ni vizuri unasoma. Nikuonyeshe kopo moja nililopewa na kijana wa miaka 15, la unga wa kunywa kabla ya mazoezi. Mbele: simba, moto, neno kubwa la nguvu. Nyuma: "mchanganyiko maalumu, gramu 6.5", na chini yake majina 9 yakifuatana bila kiasi cha hata kimoja. Kati ya hayo 9, matatu yalikuwa kafeini kwa sura tofauti: kafeini kavu, mbegu za guarana na dondoo la chai ya kijani. Ni ngapi kwa jumla? Lebo haisemi. La tano lilikuwa dondoo la gome la yohimbe, linaloweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Na pembeni, kwa herufi ndogo kama punje ya ufuta, "isitumiwe na walio chini ya miaka 18". Alikuwa akinywa vijiko 2 tangu wiki 6 zilizopita.

Hiyo ni lebo ya kweli. Sasa fikiria isiyo ya kweli. Kati ya 2000 na 2001 maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima bidhaa 634 zisizo za homoni zilizonunuliwa katika nchi 13. Katika 94, yaani karibu asilimia 15, kulikuwa na homoni za jamii ya steroidi ambazo lebo haikuzitaja. Ni zamani kidogo, lakini msingi wa tatizo haujaondoka: katika nchi nyingi bidhaa hizi haziidhinishwi kama dawa kabla ya kuuzwa. Marekani, kwa mfano, chini ya sheria ya 1994 mtengenezaji hahitaji kibali cha mamlaka ya chakula na dawa kabla ya kuziingiza sokoni.

Ikiwa daktari amekubali utumie kitu, tafuta chenye alama ya upimaji huru kama Informed Sport au NSF Certified for Sport, na ulinganishe namba ya toleo iliyo kwenye kopo na iliyo kwenye tovuti ya wapimaji. Inapunguza hatari sana. Haiifuti.

Naweza kufungiwa kwa sababu ya kirutubisho nilichomeza bila kujua?

Ndiyo. Kanuni ni kwamba mchezaji anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake. "Sikujua" inaweza kupunguza adhabu, lakini haifuti kipimo.

Kolo Touré, akiwa Manchester City, alifungiwa miezi 6 mwaka 2011 baada ya kumeza vidonge vya kupunguza uzito vya mke wake. Paul Pogba alipimwa Agosti 2023 baada ya mechi ya Juventus, akafungiwa miaka 4 mwezi Februari 2024. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) iliipunguza hadi miezi 18, ikikubali kwamba hakukusudia na kwamba chanzo kilikuwa kirutubisho alichoandikiwa na daktari. Miezi 18 ni nafuu, na bado ni misimu miwili iliyoharibika.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Mamadou Sakho wa Liverpool, mwaka 2016. Alitumia bidhaa ya kuunguza mafuta, akasimamishwa, akakosa fainali ya Europa League na Euro iliyochezwa nchini kwake Ufaransa. Baadaye UEFA ilifuta kesi, na mwaka 2020 WADA ilimwomba radhi. Fainali haikurudiwa.

Hao wana madaktari na mawakili. Wewe una nani?

Yangu ni ya mitishamba, ya asili kabisa.

Efedra ni mmea wa asili, na Marekani iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo. Mmea nao una dozi, na nao unaweza kuwa na kitu kilichokatazwa. Tofauti ni kwamba mara nyingi hauna hata lebo.

Kocha anatuuzia unga wa protini, na asiyenunua hapangwi.

Hilo ni kosa, na naliandika bila kuzunguka. Mtu anayepata faida kwa kuuza hawezi kuwa huyo huyo anayekushauri ununue, achilia mbali kushika karatasi ya kikosi. Wazazi mwende pamoja, si mmoja mmoja, mkamwone msimamizi wa klabu, na mjumbe mmoja achukue picha ya kila bidhaa inayouzwa. Kijana asibebeshwe mzigo wa kumkabili kocha wake peke yake. Na kama kuna sindano au kidonge kisicho na jina, msisubiri kikao: toeni taarifa kwa shirikisho. Sheria za WADA zinamkamata kocha anayempa mchezaji kitu kilichokatazwa, si mchezaji peke yake.

Nataka kupunguza mafuta mwilini niwe mwepesi.

Nani amekuambia una mafuta mengi? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mara nyingi jibu ni maneno ya mtu mmoja, yaliyotamkwa mara moja, mbele ya wenzako. Mwili unaokua ukinyimwa nishati huanza kuzima shughuli zake: ukuaji hupungua, mifupa hudhoofika, kinga hushuka, hedhi husimama. IOC ililipa tatizo hili jina rasmi mwaka 2014. Msichana ambaye hedhi yake imekosekana miezi 3 amwone daktari wiki hii, na asiambiwe kwamba ni dalili ya kufanya mazoezi kwa bidii. Bidhaa za kuunguza mafuta ndizo zilizochafuka kuliko karibu zote. Usizisogelee.

Kama si vidonge, nifanye nini ili nicheze bora na nisiumie?

Lala. Kula kabla na baada ya mazoezi. Kisha mwombe kocha wako atumie FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kama dakika 20 yasiyohitaji kifaa zaidi ya mpira. Yalipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha yakipungua kwa takribani theluthi. Kungekuwa na kidonge chenye matokeo hayo, foleni yake ingezunguka uwanja.

Tayari natumia vitu kadhaa na sijamwambia mtu. Nianzie wapi?

Hujafanya jambo la aibu. Umetaka kucheza vizuri zaidi, basi.

Ukisikia moyo unadunda bila mpangilio, maumivu ya kifua, kuzimia, macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi, nenda hospitali sasa hivi na ubebe kopo. Kama huna dalili hizo, acha leo kila kitu ambacho daktari hakukuandikia, lakini usiache dawa uliyoandikiwa. Kafeini ikikatwa ghafla kichwa kinaweza kuuma siku chache, kisha hupita. Makopo usiyatupe. Yapige picha mbele na nyuma, andika ulianza lini na ulikuwa unachota vijiko vingapi, halafu mwonyeshe mzazi na daktari wote wawili. Ukiogopa kuanza kusema, weka makopo yenyewe mezani wakati wa chakula cha usiku, wataanza wao.